Sauti Iliyokatwa Vipande

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Hawakusema mtu afanye nini siku anapousikia ulimi wake mwenyewe ukizungumza kutoka kwenye simu ya mwingine, tena ukitoa maneno ambayo yeye hakumwambia mtu.

Bibi Stesheni alipewa jina hilo kwa sababu alifanya kazi maisha yake yote kwenye kipaza sauti cha stesheni ya treni. Alitangaza treni zinazokuja, zinazoondoka na, mara nyingi zaidi, zilizochelewa. Watu walimtania kwamba yeye akikutangazia treni imechelewa, unatoka hapo ukishukuru. Alipostaafu alidhani sauti yake nayo imestaafu, mpaka ofisi moja ya vijana ilipomtafuta. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wagonjwa wa kisukari na watu waliolemewa na uzito. Mgonjwa angejichoma kidole, aandike kiwango cha sukari yake, apige picha ya sahani yake, na sauti ya bibi mpole ingemwambia la kufanya.

Alikubali haraka, kwa ajili ya mdogo wake. Mdogo wake alikuwa mshonaji, mama mwenye mwili mkubwa na kisukari cha muda mrefu, na daktari alikwisha kumwonya kuhusu miguu: kidonda kikianza huko kitakula kidole, kisha kitataka mguu. Dawa alikuwa nazo, kimashine cha kupimia sukari alikuwa nacho. Alichokosa ni mtu wa kumkumbusha, maana cherehani ilimmeza asubuhi ikamtema jioni. Bibi Stesheni alijiambia kwamba asipokuwepo yeye, sauti yake itakuwepo.

Walimrekodia kwenye chumba kidogo chenye sponji ukutani. Fundi wa sauti alikuwa baba wa makamo, mnene, mwenye pumzi fupi na mikono ya upole. Alimtafutia mto wa kukalia na kumchemshia maji kila alipokohoa. Bibi alisoma alichopewa. Hongera, mpenzi, sukari yako imekaa vizuri. Pole, mwanangu, leo imepanda. Kunywa maji, tembea kidogo, na kesho nayo ni siku. Siku ya mwisho wakamletea hadithi ya kiboko mlafi aliyekwama mlangoni, wanyama wenzake wakakusanyika kumcheka. Mkuu wa ofisi alimwambia ni kwa ajili ya watoto wenye kisukari, wasione upweke. Bibi aliisoma kama anavyowasomea wajukuu zake, akaigiza nyani na sungura, akacheka kicheko cha fisi mpaka fundi akafuta machozi. Akatia sahihi karatasi aliyowekewa mbele, akapewa ahsante yake, akaenda nyumbani ameridhika. Simu yake mwenyewe ilikuwa kitochi cha vitufe, programu zile hazikuingia humo, kwa hiyo hakuisikia tena sauti yake.

Mpaka siku alipokwenda dukani kwa mdogo wake kupunguza gauni.

Palikuwa na mteja mmoja aliyesubiri kupimwa mabega. Mshonaji alikuwa ameinama kwenye cherehani, na simu yake imelala kati ya vitambaa. Ikalia mlio mfupi, kisha Bibi Stesheni akajisikia mwenyewe akiuliza kwa kejeli:

"Umekula nini tena, kiboko? Mlango utakutosha kweli?"

Kikafuata kicheko cha fisi. Mteja akaangua kicheko naye. Mshonaji akacheka pia, kicheko kile cha mtu anayewahi kujicheka kabla hajachekwa, akageuza simu kifudifudi.

Bibi alishika kona ya meza. Mate machungu yalimjaa mdomoni, kama mtu aliyetafuna kitu akagundua kina funza. Alisubiri mteja apimwe, aage, aondoke. Kisha akamuuliza mdogo wake uchafu ule umetoka wapi.

Mshonaji hakuinua uso. Alikuwa anakusanya pini moja moja kutoka kwenye meza.

"Si umesema wewe, dada?"

"Mimi?"

"Nikajua umechoka na mimi. Ukaona haya kunitukana usoni, ukaenda kunitukania kwenye simu."

Bibi aliapa kwa marehemu mama yao kwamba hakusema hivyo. Lakini hata alipokuwa akiapa alijua kwamba aliyasema, maneno yote mawili, kiboko na mlango, na kicheko kilikuwa chake. Alimweleza mdogo wake habari za hadithi ya watoto. Mshonaji alimsikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyomsikiliza mkubwa wake anapojitetea, na haikujulikana kama ameamini.

Kisha akamwonyesha dawa aliyoigundua mwenyewe. Alichukua simu, akaandika kiwango kidogo cha sukari, kizuri kabisa, bila kuchoma kidole chochote. Simu ikasema kwa sauti ya asali: hongera, mpenzi.

"Unaona?" alisema. "Nikiandika ndogo, unanipenda."

Kimashine kilikuwa chini ya rundo la mabaki ya vitambaa, na vumbi juu yake. Hakukumbuka mara ya mwisho alikigusa lini. Kwa nini ajipime, aliuliza, wakati jibu la kweli linaleta matusi? Alikuwa akifungua ile programu kila alipopata nafasi, anaandika namba ya uongo, anasubiri kupendwa.

Bibi alipoinama kuokota pini iliyoanguka ndipo harufu ilipomfikia. Mguu wa kushoto wa mdogo wake ulikuwa umefungwa kipande cha bitana, na bitana ilikuwa imeloa. Alikifungua polepole. Kidole kidogo kilikuwa cheusi pembeni na usaha ulitoka chini ya ukucha. Harufu ilikuwa kali, lakini Bibi hakurudisha kichwa nyuma. Aliwahi kuosha maiti na kufua nepi za watoto wa watu, na mwili wa nduguye haukumtia kinyaa hata kidogo. Kinyaa alikuwa nacho kwenye koo lake mwenyewe.

Alitaka waende kliniki papo hapo. Mshonaji alikataa. Kliniki watauliza namba, alisema, na namba zilizomo kwenye simu ni za uongo. Atamwambia nini muuguzi? Bora asubiri kidonda kikauke. Walibishana mpaka duka likafungwa, na mdogo mtu hakulegea.

Asubuhi Bibi akaenda ofisini, akitaka sauti yake itolewe, ili arudi kwa mdogo wake na kitu mkononi.

Alikuta sherehe. Keki ilikuwa mezani, pana kama tairi, na krimu ya waridi, na vijana waliikata kwa rula. Mmoja alilamba vidole kisha akaendelea kubofya kompyuta kwa vidole vilevile. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani zilikuwa zinapita picha za sahani za wagonjwa, na katikati yake picha za matumbo na miguu walizoombwa wapige ili wapewe ushauri. Kila ikija mpya mtu aliipa jina. Hili gunia. Hili godoro limepasuka. Krimu iliwabaki midomoni wakicheka. Bibi alitazama ule uwaridi kwenye meno yao.

Mara ikapita sahani ya bluu yenye ufa ukingoni. Aliijua. Alimnunulia mdogo wake yeye mwenyewe.

Mkuu wa ofisi alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamkatia kipande cha keki. Alikuwa kijana nadhifu, na wala hakuwa na aibu yoyote ya kuficha. Alieleza kwamba upole walianza nao, wagonjwa wakauzoea wakaacha kufungua programu. Kisha mtu akapata wazo la kukata vipande kutoka kwenye hadithi ya kiboko na kuviunga. Tangu siku hiyo watu wanafungua asubuhi, mchana na jioni.

"Na sukari zao?" Bibi aliuliza.

"Zimeshuka, mama. Tazama mwenyewe." Akamwonyesha mstari unaoteremka kwenye kioo. "Huyu mwenye sahani ya bluu ndiye bingwa wetu. Hakuna anayefungua kama yeye, na sukari yake ni ya mtu mzima wa afya. Hii keki ni yake, basi tu hajui."

"Bingwa wenu anaandika uongo ili nisimtukane. Kidole chake cha mguu kinaoza."

Mtu mmoja aliweka sahani yake chini. Mkuu alisema pole, na huenda aliisema kwa dhati, kisha akaeleza kwamba programu huwa inawakumbusha watu kwamba yenyewe si hospitali. Mambo ya miguu si upande wao. Kuhusu sauti, alisema ilikwisha kuwa ya ofisi siku ile alipotia sahihi, lakini wanaweza kufikiria kupunguza kicheko.

Kupunguza kicheko. Bibi aliurudisha mkoba begani, na keki akaiacha mezani bila kuigusa.

Fundi wa sauti alimfuata kwenye ngazi, akihema. Alimbebea mkoba bila kuombwa. Walipofika chini alisema kwamba ndiye aliyekata vile vipande. Aliambiwa, akakata, ana watoto. Na kila simu ya mke wake inapolia, mke naye huitwa kiboko mezani pake, mbele ya watoto haohao. Kisha akamwonyesha kwenye simu yake mahali pa kubonyeza ili programu inyamaze, akarudia mpaka Bibi akashika.

Bibi alimshukuru, kwa sababu alilelewa hivyo, na kwa sababu maji ya moto aliyomchemshia siku zile yalikuwa ya kweli. Lakini alipompa mkono, aliufuta baadaye kwenye gauni bila kujijua.

Alirudi dukani, akachukua simu ya mdogo wake na kuinyamazisha. Hakuwa na zawadi nyingine. Alisema hatahubiri, anaomba tu asindikizwe kliniki kwa ajili ya magoti yake yeye, na kama mshonaji hataki kuingia kwa muuguzi, basi asiingie. Ulikuwa uongo mtupu na wote wawili walijua. Mshonaji alivaa kandambili, akafunga duka.

Kwenye benchi la kliniki watu walikaa wamebanana. Mshonaji alishika simu yake kwa mikono miwili, namba zake nzuri ziko humo, na alimnong'oneza dada yake kwamba akiitwa atamwonyesha muuguzi hizo, yaishe. Bibi alikuwa hana neno ambalo halijachafuliwa.

Pembeni yao alikaa mwanamume mmoja mkubwa, dereva wa lori kwa mavazi yake, ameweka kofia juu ya tumbo kama anayelificha. Simu ikalia mfukoni mwake.

"Umekula nini tena, kiboko? Mlango utakutosha kweli?"

Benchi zima lilicheka. Mwanamume aliisukuma simu chini ya paja lake, shingo imemwiva kwa aibu, macho sakafuni. Na kicheko kile cha fisi kikaendelea kutoka chini ya paja, kimezibwa, kama mtu anayecheka mdomo ukiwa umejaa chakula.

Bibi Stesheni alisimama. Magoti yalimuuma kweli.

"Baba," alisema, na kwa vile alizoea kutangaza, benchi zima lilisikia. "Hiyo sauti ni yangu. Sikukuambia hivyo wewe. Nilikuwa nawasomea watoto hadithi, watu wakanikata vipande."

Hakuna aliyecheka. Sauti ilikuwa ileile, hata mtoto angeitambua. Dereva alimtazama mdomo muda mrefu, kama anayetaka kuona maneno yanatokea wapi. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi kumpa nafasi pana zaidi ya kukaa.

"Ahsante, mama," alisema. "Mimi nilikwisha amini."

Muuguzi alifungua mlango na kumwita mshonaji. Akamuuliza, kama anavyowauliza wote, sukari imekuwa ikisomeka ngapi. Mshonaji aliitazama simu mkononi, akamtazama dada yake, akaitia simu kwenye mkoba.

"Sijui," alisema. "Sijapima. Nimekuwa nikiandika uongo, na nina kidonda."

Muuguzi hakuguna wala hakuziba pua. Alivuta kigoda, akauweka mguu mapajani pake, juu ya sare nyeupe, akaanza kufungua kitambaa. Aliangalia kati ya vidole. Kidole hiki, alisema, hakuna anayeweza kuahidi kwamba kitapona. Daktari atakiona leo hii, si kesho. Mguu bado wanaweza kuupigania.

Mshonaji alianza kulia bila sauti. Bibi alifungua mdomo kumwambia pole, mpenzi, na neno likakwama, linanuka. Akaufunga. Akapiga magoti sakafuni kando ya kigoda, akaushika ule mguu kisigino ili muuguzi apate mikono yote miwili.