Jaketi la Zulema

Mimi ni mbishi, nakubali. Kwa miaka thelathini na moja mke wangu Zulema alinipigia kelele kwamba jaketi la kuokolea ni la kuvaa, si la kukalia, na miaka yote hiyo nimelikalia. Kiti cha boti yangu ni ubao mtupu, nami sina nyama za kukalia. Yeye lake, la rangi ya chungwa lenye filimbi, alilivaa kabla hatujashuka majini.

Alikufa Machi mwaka jana. Neno hilo sikumtamkia mtu. Hata aliyeniletea mtungi wa gesi nilimwambia mama kalala.

Hapa Tigre, mji wetu wa kando ya mito, boti zetu hulala ghalani, moja juu ya nyingine. Ukitaka kutoka, Nélida, msimamizi wa ghala, anakuteremshia, anakagua vifaa, kisha unajaza kitabu: mnaelekea mto gani, mtarudi saa ngapi, mko wangapi.

"Kizimamoto?" akauliza Jumapili ile.

"Kipo."

"Fataki za ishara hazijapitwa na tarehe?"

"Soma mwenyewe, macho unayo."

"Naona leo umeamka na kisirani. Majaketi?"

"Mawili."

Kwenye idadi ya watu nikaandika wawili, kama kila Jumapili. Nélida alikuja mazishini, alijua. Aliitazama ile namba, akalitazama jaketi la Zulema nililolifunga kwenye kiti cha mbele, mikanda yote imebana, kama vile limevaliwa.

"Haya, Mzee Rómulo," akasema. "Mrudi salama."

Kwenye Mto Luján nilikuwa nafyonza yerba, chai yetu ya majani machungu, kwenye kibuyu changu, nikimsimulia Zulema habari za jirani, pale boti moja ya matajiri, kubwa kama nyumba, iliponipita kwa kasi. Wimbi lake likanipiga ubavuni. Boti ikapinduka, jaketi nililolikalia likaenda zake na maji, na la Zulema likachomoka kitini. Nikang'ang'ania tumbo la boti.

Askari wa mto walifika upesi. Walishapiga simu ghalani, wakasomewa kitabu.

"Mwenzako yuko wapi, mzee?" akaniuliza koplo, akinivuta ndani.

"Niko peke yangu," nikasema, meno yakigongana.

Hakunisikiliza. Alikuwa ameliona jaketi la chungwa likielea, limefungwa mikanda yote, ndani hamna mtu.

"Kachomoka kwa chini," akawaambia wapiga mbizi wake wawili. "Ingieni."

Mto wetu ni tope tupu, ukizama huoni hata kiganja chako, na chini kumejaa magogo. Wakaingia. Nami nikanyamaza, Mungu anisamehe. Kwa dakika chache kulikuwa na watu wengine duniani wanaomtafuta Zulema, si mimi tu, na roho yangu ilitaka waendelee.

Kisha mmoja akaibuka, paji la uso limepasuka, damu inamwingia machoni. Akavuta pumzi arudi chini.

"Amekufa," nikasema.

Koplo akanishika bega. "Usikate tamaa, mzee. Bado tunamtafuta."

"Amekufa Machi mwaka jana!" Nilipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wakageuka. "Nimemzika mwenyewe. Mtoe huyo kijana majini. Niliandika wawili kwa sababu mkono wangu ulikataa kuandika mmoja."

Kijana alishika ukingo wa boti, akanitazama. Hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru wangenitukana.

Koplo akaliopoa jaketi, akalifungua, akanivika. Mikanda haikukutana tumboni, maana Zulema alikuwa na mwili mdogo kuliko wangu. "Vaa hivyo hivyo," akasema, kisha wakaivuta boti yangu hadi ghalani.

Jumapili iliyofuata Nélida alinisukumia kitabu bila kuniangalia. Alikuwa amekaripiwa kwa ajili yangu, na hakunilaumu hata kwa neno moja.

"Wangapi?"

"Mmoja," nikasema, nikaandika.

Hakuiteremsha boti. Alibaki amesimama, akisubiri. Nikalivaa jaketi la Zulema, mikanda yake nilikuwa nimeirefusha usiku uliopita kwa uzi na sindano, nikaifunga yote. Ndipo akaniteremshia boti, nikaondoka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na sikuwa na mtu wa kumsimulia habari za jirani.