Ruhusa ya Muzee

Watu wa Baraka, huku Kongo, tuna heshima ya kupita kiasi, na Casimir alituzidi wote. Yeye ndiye aliyeitengenezea komite ya waliopotezana tovuti yake, mwaka 2017, vita vilipotawanya tena watu wa eneo letu la Fizi. Humo huandikwa jina la mtu, mahali alipo, na neno moja: anatafutwa. Siku ndugu wakikutana naye ana kwa ana, linaandikwa amepatikana.

Mwenzetu Adolphine alikataa kata kata kuandika mahali alipo mdogo wake. Anatole alikuwa ametoroka kundi la wapiganaji akajificha rasi ya Ubwari, na wenzake waliapa kumuua. Lakini mama yao, mgonjwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, alichoka kuambiwa kwa simu kwamba mwanawe yu hai. Alitaka asomewe kitu kilichoandikwa.

"Papa Casimir, nani ataona fasi Anatole iko?" Adolphine aliuliza.

"Usiogope, Mama. Kila mutu iko na ruhusa yake." Akamwonyesha kwenye ordinateri, kompyuta yake. Mugeni anaona majina tu. Ndugu anaona mahali alipo mtu wake peke yake. Muzee anaona yote, na anaweza kubadilisha yote.

"Muzee ni nani?"

"Si bale bazee batano ba komite?"

Basi Adolphine akaandika kijiji, akaandika na nyumba ya mwalimu alimolala Anatole. Kesho yake mama alipiga simu akilia kwa furaha, na binti naye akalia.

Sasa sikieni ujinga wenyewe. Casimir hakuwaandika wazee wale watano popote. Kila aliyejiandikisha alijichagulia mwenyewe: mugeni, ndugu au muzee, kisha Casimir akubali au akatae. Akikataa ndugu wa uongo, sawa. Lakini mtu akijiita muzee, utamuuliza yeye ni muzee wa wapi? Kwetu hilo ni tusi. Casimir alikubali, tena kwa kuinamisha kichwa mbele ya mashine. Alisahau, jamani, kwamba porini nako kuna muzee: ndivyo wapiganaji wanavyomwita kamanda wao, hata awe kijana wa miaka ishirini na tano.

Baada ya siku tisa Casimir alikuja kwa Adolphine akicheka.

"Mama, Mungu ni mukubwa. Baliandika Anatole amepatikana. Mulionana lini?"

Adolphine aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha. "Hatukuonana. Nani aliandika?"

"Muzee moja. Nilimukubalia juzi."

"Muzee gani?"

"Sikumuuliza."

Adolphine akapiga simu Ubwari. Émilienne, mke wa mwalimu, ndiye aliyepokea. Alisema walikuja asubuhi watu wanne, hawakuuliza njia kwa mtu yeyote, walifika moja kwa moja mlangoni wakamwita Anatole kwa jina. Wakampiga risasi uani, wakamuua.

Adolphine alimtazama Casimir kwa chuki ambayo hakujua kama anayo, na Casimir akaanza kueleza atakavyoipanga upya tovuti, nani atanyang'anywa ruhusa gani.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Tanzania.

"Adolphine, balinisomea sasa hivi: amepatikana," mama yake alisema, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa. "Nilijua tu. Nipatie mutoto wangu, nimusikie."