Mama Mkwe na Baiskeli za Meya

“Macho kwenye njia, Matilde! Usilitazame jiwe!”

Matilde alilitazama jiwe, akaligonga, akaangukia ubavu. Aliinuka akipangusa goti na kumkodolea baba yake macho mekundu, maana moshi ulikuwa ukiwasha tangu alfajiri.

“Baba, wenzangu wana akili. Hakuna hata mmoja aliyekuja.”

“Mama zao waoga.”

“Na wewe?”

“Mimi nalipwa. Rudi juu, shuka tena.”

Belmiro Tavares alikuwa mwalimu wa baiskeli za milimani katika kijiji cha Fonte da Urze. Watoto walimwita Mista, kama wanavyoitwa makocha wote Ureno, na wazee wakalidaka jina hilo kwa utani. Mkataba wake ulifanywa upya kila Septemba na mwenye kalamu alikuwa meya, kwa hiyo siku ambayo mazoezi hayakufanyika ilibidi aeleze kwa nini. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Belmiro alikuwa ameinama hadi mgongo ukazoea. Ndiyo maana asubuhi hiyo, mlima wa pili ukiwaka, alikuwa akimfundisha binti yake peke yake huku majivu yakidondoka juu ya kofia zao.

Simu ikalia. Alikuwa meya mwenyewe, Daktari Quaresma, ambaye hakuwahi kumtibu mtu; alisoma sheria, na Ureno kila mwenye shahada huitwa Daktari.

“Belmiro, zile baiskeli za umeme. Zote. Pakia kwenye gari la klabu na tela lake, uzilete huku mjini, ukumbi wa michezo. Zilinunuliwa kwa fedha za Ulaya. Zikiungua nitajieleza mpaka nizeeke.”

“Na watu, Daktari?”

“Basi la watu liko njiani. Kila mtu na kazi yake, kijana wangu.”

Kijana huyo alikuwa na miaka arobaini na minne na mvi za kutosha.

Kituo cha baiskeli kilisimama mlangoni mwa kijiji, kuta za kioo na bendera tatu, kikingoja kufunguliwa rasmi. Wanakijiji hawakukiomba. Waliitwa mkutanoni wakaulizwa wanataka nini, wakasema tangi la pili la maji kwa sababu lile moja lilikuwa dogo tangu enzi za babu zao. Meya akawapigia makofi, akawajengea kituo. Mama mkwe wa Belmiro, Deolinda, hakusahau. Familia nzima iliishi nyumbani kwake, nyumba ya mawe inayotazama uwanja wa kanisa, na kila supu ya kabichi ilipofika mezani alimpakulia Belmiro wa kwanza, akamsogezea na mkate wa mahindi, kisha akasema, “Kunywa, mkwe. Kunywa tangi letu.” Watu walicheka, na Belmiro naye alicheka, akainamia bakuli.

Alifungua viti vya gari, akaviacha kituoni, akaanza kupakia. Baiskeli zilikuwa nzito kama ndama. Matilde alimsaidia, kila mara akiutazama mlima wa pili. Walikuwa wakifunga mikanda ya mwisho kwenye tela mkewe alipopiga simu. Graciete alikuwa mjini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, alikofanya kazi. Alishuka na gari lao asubuhi, na askari wakafunga barabara nyuma yake.

“Mama hapokei simu. Umemwona?”

“Yuko juu ya paa na mpira wa maji.”

“Na wewe uko wapi?”

“Kituoni.”

“Belmiro. Niambie hupakii baiskeli.”

“Basi linakuja, Graciete.”

“Nani kakwambia?”

“Meya.”

“Hee! Basi hilo nimeliona dirishani sasa hivi, tupu, linarudi gereji! Dereva kakatazwa kupanda. Unanisikia? Hakuna basi!” Sauti yake ikapasuka. “Mtoto wangu yuko huko. Mama yangu yuko huko. Fanya kitu, we mwanamume!”

Akaliendesha gari hadi uwanja wa kanisa. Wenye magari walikwisha shuka alfajiri na watoto wao; waliobaki pale walikuwa wazee saba, wamekalia mabegi na vikapu vya kuku, wanatazama barabara. Tangu kulipokucha kila mmoja alikuwa akiimwagia maji nyumba yake: paa, milango, hata mti wa tini. Kila mmoja aliona anafanya busara, na busara zao zote zilikuwa zikinywa kwenye tangi lile moja. Moto ulipovuka kilele, mabomba yalikohoa, yakatema kutu, yakanyamaza. Lori la zimamoto hawakuwa wameliona.

Deolinda alikuwa ameshuka kwenye paa. Alisimama mlangoni kwake na mpira uliokauka mkononi, miaka yake sabini na sita, magoti yamelowa, ufunguo wa kanisa ukining’inia shingoni. Alilitazama gari. Alilizunguka taratibu, akachungulia ndani, akagusa mkanda mmoja.

“Zimekaa vizuri?” aliuliza.

“Mama…”

“Nauliza tu. Zisije zikaumia.”

“Wamezifungia mikanda, Deolinda,” alisema mzee Eurico, jirani ambaye hakuwa na mguu mmoja. “Mimi gari la wagonjwa halijawahi kunifunga vizuri hivyo.”

Hakuna aliyecheka. Belmiro aliona aibu ikimpanda usoni, aibu ya mtu mzima aliyekamatwa akifanya jambo la kitoto. Nyuma ya aibu ilikuwepo hofu, na hofu hiyo alikuwa akiijua kwa majina: Septemba, ada ya Matilde, miezi ya baridi bila mshahara. Alikuwa bado anahesabu alipogeuka na kumwona binti yake amepanda kwenye tela, anafungua mikanda. Baiskeli ya kwanza ikaanguka kwenye mawe kwa kishindo.

“Polepole!” alifoka, kwa mazoea tu. Kisha akaikamata ya pili na kuitupa mwenyewe, mbali kadiri alivyoweza.

Wakazirundika zote katikati ya uwanja, kandokando ya chemchemi iliyokauka, pale pasipoota hata jani. Wazee wakapandishwa, wakaketi sakafuni juu ya mablanketi, Eurico akitukana kwa kila mfupa uliogonga bati. Deolinda hakupanda.

“Mimi ndiye mlezi wa sikukuu mwaka huu,” alisema. “Mwenye ufunguo halali nje ya kijiji mpaka sanamu ya Bikira Maria itembezwe kijijini. Bibi yangu hakulala nje, mama yangu hakulala nje.”

“Mama, moto uko kwa Eurico!”

“Nimeuona. Sina upofu.”

“Basi twende naye!” Matilde alipiga kelele. “Twende na Bikira! Akiwa na wewe si ndiyo utakuwa unamlinda?”

Bibi alimtazama mjukuu wake kama hakimu anayetafuta kosa na kulikosa. Akaenda kufungua kanisa.

Sanamu ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili. Belmiro aliisimamisha kwenye tela, miguu yake kwenye kishikio cha gurudumu la mbele la baiskeli, akaifunga kwa mikanda ya baiskeli, miwili kiunoni na mmoja kifuani.

“Mgeuze,” Deolinda aliamuru. “Asishuke kinyumenyume kama mbuzi wa sokoni.”

“Mama!”

“Mgeuze, nimesema.”

Akamgeuza. Wakashuka.

Barabara ilikuwa imejaa moshi wa rangi ya chungwa, misonobari ikipasuka pande zote mbili, vioo vikiwa moto kuvigusa. Kuku walinyamaza. Wazee walisali kila mmoja sala yake na kwa mwendo wake. Belmiro alishika usukani, akitamani barabara iishe, na haikuisha, mpaka ghafla wakatokea kwenye kizuizi cha askari.

Askari kijana aliinua mkono. “Nimeambiwa ni gari moja tu la kupitisha, la halmashauri, lenye baiskeli. Baiskeli ziko wapi?”

Deolinda akatoa kichwa dirishani, uso mweusi kwa masizi.

“Mimi hapa. Baiskeli ya zamani. Fungua njia, mwanangu, minyororo imekauka.”

Askari alimtazama, akamtazama na Bikira nyuma, akafungua.

Ukumbini Graciete alimkumbatia mama yake na mtoto kwa pamoja, akawakaripia wote wawili, kisha akaja kwa mumewe na kitambaa kilicholowa, akampangusa uso kwa nguvu kama anayesugua sufuria. Meya alifika nyuma yake, akachungulia ndani ya gari.

“Ziko wapi?”

“Juu, Daktari.”

“Unajua ulichokifanya?”

“Najua.”

“Haya. Tutaonana Septemba,” alisema meya, akaondoka.

Walipanda tena siku ya pili, moto ulipokwisha pita. Upande mzima wa nyumba zinazotazama uwanja ulikuwa umeteketea. Kwa Deolinda palibaki kuta za mawe na kizingiti. Paa lilikuwa limeanguka juu ya meza, vitanda na kila kitu. Katikati ya uwanja, juu ya mawe matupu, baiskeli za umeme zilikuwa zimelala kama zilivyotupwa. Masizi kidogo kwenye viti, basi.

Meya alikuja na watu wa televisheni. Alipoziona alicheka kwa sauti, akamvuta Belmiro mbele ya kamera, mkono begani.

“Huyu ndiye Mista wetu! Aliona mbali, akazilaza mahali pasipoungua. Kituo kitafunguliwa mwezi huu huu. Tumshukuru Mungu, hatukupoteza kitu.”

Mwandishi alimsogezea Belmiro kinasa sauti. “Ulijua zitapona?”

Mkono wa meya ulimbana bega, si kwa ubaya. Ulikuwa ukimpa mkataba. Ilitosha kusema ndiyo. Belmiro alimtazama mkewe, ambaye alikuwa akitazama chini.

“Nilizitupa,” alisema. “Zilikuwa zimekalia nafasi ya watu. Zingeungua zote nisingelia.”

Mkono uliondoka begani.

“Amechoka,” meya aliwaambia wale wageni kwa upole. “Hajalala, maskini. Pigeni picha ya baiskeli tu.”

Mpiga picha akapiga goti, akageuza kamera, akafumba jicho moja. Kisha akainua kichwa.

“Bibi, samahani. Sogea kidogo upande huo. Unaharibu picha.”

Deolinda alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba yake. Hakusogea.