Shingo ya Fundi wa Dari

Mafundi wenzake walimwita Twiga, na anayedhani jina hilo lilitokana na urefu hajawahi kumwona. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, miguu kama ya meza. Jina alilipata kwa sababu ya shingo. Tangu ujana wake alipiga plasta dari, na fundi wa dari hushinda juu ya jukwaa kutwa nzima, kisogo kimelala mgongoni, mchanga na saruji vikimdondokea usoni. Kuta aliwaachia wengine. Kuta, alisema, hata mama mkwe anaweza.

Kazi yake ilikuwa safi, hilo hata wasiompenda walikubali. Plasta ikikauka alipanda tena kuikagua, akigonga kwa mpini wa mwiko huku ametega sikio. Palipotoa sauti nzito alipita. Palipolia kama debe tupu alibandua akaanza upya, hata kama kwa macho palikuwa safi kabisa. Macho hudanganywa, alimwambia shemeji yake, mdogo wa mkewe, lakini sauti haijawahi kumdanganya. Shemeji huyo, pandikizi la mtu lenye moyo wa kitoto, ndiye aliyemkorogea plasta, na aliamini kila neno lake.

Ubaya ni kwamba sheria ya dari waliihamishia kwenye miili yao. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mafundi walinyooshana migongo. Mtu anafungamana mikono na mwenzake, mgongo kwa mgongo, kisha anainama na kumnyanyua juu mpaka pingili zilie. Zikilia, basi, mfupa umerudi mahali pake, nenda nyumbani. Zisipolia, unarudiwa. Hakuna aliyewahi kuuliza mfupa huo ulikuwa umekwenda wapi.

Mwaka mmoja vidole vya Twiga vilianza kumgeuka. Ilianza ganzi, kisha mwiko ukawa unamponyoka, kisha vifungo vya shati vikamshinda na mkewe akawa anamfungia, akidhani mzee anadeka. Twiga hakuwa anadeka. Alikuwa anaogopa, tena sana, kwa sababu nje ya vidole vile hakujiona kuwa mtu.

Akaenda kwa tabibu wa mgongo, mama mpole asiye na maneno mengi. Miaka ya nyuma mama huyo alimtibu kiuno: alimlaza ubavu, akamsukuma mara moja tu, kikalia, na Twiga akatoka mle akitembea kama bwana harusi. Sasa alitaka mlio kama ule, ila shingoni. Tabibu hakumlaza. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza, akamwambia akunje na kukunjua viganja, kisha akamtuma apigwe picha. Picha ilipokuja aliitundika mbele ya taa, akaitazama kitambo.

Hakuzunguka. Pingili za shingo zimelika, alisema. Visahani laini vinavyozitenganisha vimekauka na kubonyea, kama ndala iliyovaliwa mpaka soli ikabaki karatasi. Mifupa nayo imeota vijino, na vijino hivyo vinaubana mshipa mkuu wa fahamu unaopita katikati. Ni uchakavu wa miaka mingi, na kilichowezekana ni kuuzuia usiendelee.

"Shingo hii mimi siigusi," tabibu alisema. "Na mtu mwingine asiiguse. Nakuandikia uende hospitali kubwa wiki hii, waone kama utapasuliwa. Na dari basi, baba. Ukiendelea utapoteza mikono, na miguu itafuata."

"Kidogo tu, mama. Ilie mara moja."

"Ule mlio ni hewa ya kwenye kiungo. Hauna maana unayoipa wewe."

Twiga alishukuru kwa adabu na kutoka, na kabla hajafika barabarani alikwishamtoa kasoro. Mama wa watu kaogopa tu. Mkewe alipomuuliza, alisema kaambiwa ni uchovu. Shemeji alipomuuliza, alitia chumvi: tabibu kashauri anyooshwe.

Jumamosi walikuwa kwenye dari la ukumbi mmoja mkubwa. Mwiko ulimponyoka ukamkosakosa mtu aliyekuwa chini, na wenzake wakacheka, wakamwambia Twiga kazeeka. Kicheko kile kilimchoma. Jioni alimwita shemeji, akanyanyuliwa kama kawaida, pingili zikakaa kimya.

Akaamuru ashikwe kichwa kizungushwe. Shemeji akasita, hajawahi kugeuza shingo ya mtu. Twiga akamkaripia mbele ya watu, akimuuliza nani fundi na nani mkoroga plasta. Basi yule pandikizi akamshika kidevu na kisogo, kwa upole wote aliokuwa nao, akazungusha.

Ikalia. Wote walisikia, na mmoja akapiga makofi. Twiga alianza kutabasamu, kisha miguu ikamwacha, akaenda chini mzima mzima.

Hospitali kubwa ilimpasua, ikamfunga kola ngumu ya shingo, na baada ya muda ikamrudisha nyumbani. Alibaki na akili yake, ulimi wake, na uhai kidogo katika mkono wa kulia. Kila asubuhi mkewe aliushika mkono huo, na kidole gumba kilimbana kidogo, kikimjibu. Kwa kidole hicho waliishi. Viungo vingine vyote mkewe alivigeuza, alivifuta na kuvifunika bila kulalamika, na ukimya wake ulimuuma Twiga kuliko matusi.

Shemeji hakuonekana. Mkewe alisema ameacha kazi, hali chakula, na wenzake wanamwita mvunja watu. Twiga alilijua neno la kusema: mimi niliambiwa, nikakuficha. Alilirudia kimoyomoyo mpaka likakaa sawa. Lakini alitaka mdogo ndiye aje, mdogo ndiye aanze. Kiburi chake hakikupooza.

Mwisho alikuja, mchana mmoja. Dada yake aliwaachia chumba, akaenda kufua. Shemeji aliketi kwenye kigoda ubavuni mwa kitanda, chini sana, na kwa ile kola Twiga aliweza kuona utosi wake tu. Aliamkia, akaitikiwa. Twiga alisikia kwikwi, akazidi kungoja, neno likiwa papo hapo ulimini. Aanze tu, alijiambia, nami nitamalizia. Ghafla shemeji akasimama na kutoka bila kuaga.

Mkewe aliingia na povu mikononi, macho mekundu.

"Umemfanya nini ndugu yangu?"

"Sijamfanya kitu. Amekaa tu, kanyamaza, kaondoka."

"Alikushika mkono, mume wangu. Tangu alipokaa. Anasema alikubana, akangoja, hukumbana hata kidogo. Basi amejua humsamehi, na hapa harudi tena."

Twiga alijaribu kushusha macho autazame, kola ikamzuia.

"Mkono upi?" aliuliza.

Mkewe alisogea kitandani. Akajifuta povu, akaushika, akangoja; kidole gumba hakikumbana.

"Ule mzima," alisema.