Kisa Kilichomnenepesha Clive

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu juu ya mabati ya mji wa Mildura, Averil Pickford alitandika taulo juu ya mashine ya kufulia, akampandisha mbwa wake na kumsafisha mikunjo ya uso. Clive alikuwa pagi, wale mbwa wadogo wa uso bapa, macho ya kutokeza na mkia uliojikunja mgongoni, na pagi asiposafishwa mikunjo huanza kunuka kama jibini iliyosahauliwa kabatini. Averil alipitisha pamba yenye maji ya chumvi, kisha pamba kavu, maana unyevu ukibaki ngozi huchubuka. Halafu tone moja la dawa katika kila jicho. Halafu chakula, kikombe kimoja kilichosawazishwa kwa kisu, bila kuzidisha hata punje. Na muda wote huo alikuwa akimsemesha.

Alimsemesha mpaka jioni. Lindsay mumewe alikuwa amekufa karibu miaka miwili iliyopita, mwana wao wa pekee, Grant, alikuwa akiishi Perth, upande wa pili wa bara, na nyumba ya jirani ilipangishwa kwa watu waliohama kabla hujawajua majina. Clive alikuwa msikilizaji mzuri. Aliinamisha kichwa upande, akakoroma akiwa macho, wala hakumkatiza mtu.

Mwezi wa Novemba alikuwa na kilo nane na nusu. Katikati ya Januari alikuwa na kumi na moja na nusu.

"Averil, mpenzi, niambie ukweli wa Mungu," alisema Tegan, muuguzi wa kliniki ya wanyama, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya kupima uzito. "Unampa kingo za tosti, sio?"

"Simpi."

"Kajibini kadogo tu, ukimwangalia macho yale?"

"Tegan, huyu hali hata ninachoangusha sakafuni. Naokota mwenyewe, na magoti haya."

"Wote wanasema hivyohivyo," Tegan akacheka, akaandika kwenye kadi: vitafunio, na alama ya kuuliza.

Daktari Priyanthi Weerakoon hakuandika kitu. Alimsikiliza Clive kifua, akampiga picha ya eksirei, akaitundika kwenye taa. Mafuta hayakuwa mengi. Kulikuwa na maneno. Yalijipanga kando ya mbavu, mengi yakiwa madogo madogo: upepo wa vumbi, nyanya zilizoungua na jua, goti la kushoto, mtangazaji mpya wa redio ambaye Averil hakumpenda. Daktari aliyaonyesha kwa ncha ya kalamu, mojamoja.

"Haya hayana neno," alisema. "Akitembea yanatoka. Tunayaona sana kwa mbwa wa watu wanaoishi peke yao, na pagi ndio wanaopata zaidi, kwa sababu mtu akizungumza hawatoki chumbani." Kalamu ikapanda mpaka kooni. "Shida ni hiki hapa."

Karibu na njia ya hewa palikuwa na donge jeusi, kubwa kama limau.

"Hiki ni kisa kimoja, kimerudiwa mara nyingi mno. Unakifahamu?"

Averil alikifahamu. Kilikuwa kisa cha Jumanne aliyokufa Lindsay. Alikuwa akimsimulia Clive kila jioni, wakati ambao watu wengine hufungua televisheni.

"Njia zipo tatu," alisema daktari. "Kukikata siwezi, kimegusa koo, na pagi wana shida sana na dawa ya usingizi. Ya pili, kisimulie kwa mtu. Mtu, sio mbwa. Akikisikiliza mpaka mwisho, hiki kitayeyuka chenyewe, nimeshaona. Ya tatu ni wewe mwenyewe kukichukua tena, na uzito wake. Hiyo kwa umri wako siipendekezi."

"Na kikikaa?"

"Jumatano ijayo wametabiri digrii arobaini na sita. Pagi mzima hupumua kwa shida siku kama hiyo. Huyu hataimaliza."

Averil alimtazama Clive, ambaye alikuwa akilamba mguu wa meza.

"Daktari, nikikusimulia wewe?"

Daktari Priyanthi alitazama saa ya ukutani, na ilionekana kwamba kweli alitamani kumsikiliza. "Ni kirefu?"

"Kinaanza asubuhi, kinaisha saa sita."

"Nina dakika kumi na tano kwa kila mgonjwa, Averil, na kumi na moja zimeshakwenda. Anza tu."

"Jumanne ile niliamka," alianza Averil, na mlango ukafunguliwa. Mkulima alikuwa amembeba mbwa wa kuchunga kondoo aliyeumwa na nyoka. Hakuna aliyekuwa na kosa hapo. Averil mwenyewe ndiye aliyesogeza kiti ili mbwa yule apitishwe.

Jioni alimpigia Grant.

"Mama! Hali?"

"Si mbaya," alisema Averil.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wala si kwa Averil peke yake. Mildura mtu akiulizwa hali hujibu kwamba si mbaya, hata kama ameishika roho yake mkononi, na akishajibu hivyo mlango umefungwa. Anayejibu zaidi huonekana anatafuta kuonewa huruma. Averil alikuwa amejibu hivyo kwa miaka sabini na minne, na mdomo ulijibu kabla yeye hajaufikia.

"Safi," alisema Grant. "Mimi nawapeleka watoto kuogelea, niko barabarani. Kuna kitu?"

"Clive amenenepa."

"Mpunguzie tosti, mama," alisema Grant, na mtandao ukakatika.

Ijumaa saa mbili kamili asubuhi simu ililia kama kawaida. Alikuwa Jocelyn, mama wa kujitolea anayewapigia wazee kumi na tisa kila siku ili kujua kama bado wako hai.

"Upo, Averil?"

"Nipo. Jocelyn, subiri kidogo."

Jocelyn akashtuka. "Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Kifua kinabana? Naita gari la wagonjwa?"

"Hapana, nilitaka tu kukueleza jambo."

"Ah! Umenitia presha, mama wewe." Karatasi zilisikika. "Basi nimekutia alama. Bado nina kumi na wawili, na wa baada yako asipopata simu kwa wakati anawapigia polisi. Tutaongea kesho, eeh?"

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hupiga mwingine, mwanamume, ambaye husema "upo" bila hata kuuliza.

Likabaki tumaini la Jumapili. Wenye pagi wa Mildura hukutana mara moja kwa mwezi kwenye nyasi kando ya mto, saa moja asubuhi wakati wa kiangazi, kwa sababu ikifika saa tatu lami huunguza nyayo. Huweka mabeseni ya maji, hupima lami kwa mgongo wa mkono, hubadilishana majina ya dawa za macho. Wanajuana kwa majina ya mbwa. Averil alikuwa Mama Clive kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwita vingine. Alivaa blauzi ya kwendea kanisani. Mazoezi alikuwa ameyafanya mbele ya kioo.

"Mama Clive, njoo ukae hapa, mpenzi," alisema Mama Otto. "Hali?"

Averil aliuma ulimi mpaka neno lile lilipopita. "Lindsay alipokufa," alisema, "asubuhi ile niliingia jikoni..."

Baba Peaches alivua hata miwani ya jua. Averil aliona nyuso saba zimemgeukia, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kwa furaha.

"Na Clive alikuwa wapi?" aliuliza Mama Otto.

"Chini ya meza."

"Masikini wee! Alielewa?"

"Wanaelewa hawa," alisema Baba Peaches. "Peaches alivyofiwa na bibi yake, yaani mama yangu, siku tatu hakugusa chakula."

"Otto siku nne!"

"Otto? Toka hapa. Otto hawezi kukaa dakika nne."

Wakacheka, na Averil akacheka nao, maana ilikuwa kweli. Walizungumzia mbwa waliokataa kula mpaka jua lilipofika kwenye mabenchi, kisha kila mtu akambeba wake kwenda garini kwa haraka, kama inavyopasa. Mama Otto alimkumbatia Averil kwa nguvu. "Kumbatio la Clive hilo," alisema.

Averil aliporudi nyumbani aliketi garini kwa muda, injini ikinguruma na hewa ya baridi ikimpuliza Clive. Alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia. Akafungua mdomo amweleze Clive, akaufunga. Tangu saa ile hakumsemesha tena. Aliogopa kumwongezea hata gramu moja. Alimsafisha mikunjo kimya, akampa chakula kimya, na Clive akawa anamfuata chumba hadi chumba huku ameinamisha kichwa, akisubiri.

Jumatano ikaja na digrii zake arobaini na sita. Saa nne asubuhi umeme ukakatika mtaa mzima na kipoza hewa kikanyamaza. Averil alimlaza Clive bafuni juu ya vigae, akamlowesha tumbo na nyayo, akampepea kwa kalenda. Pumzi ya mbwa ikawa na sauti ya msumeno kwenye ubao mbichi. Ulimi ulikuwa wa waridi, kisha ukaanza kuwa wa rangi ya zabibu. Alipiga simu kliniki.

"Usimtoe nje, Averil," alisema Tegan, na safari hii hakucheka. "Atakufa garini kabla hujafika. Endelea na maji."

Averil alikata simu. Alivua miwani, akaiweka ukingoni mwa beseni, akalala ubavu juu ya vigae, uso kwa uso na mbwa wake, kwa taratibu, kiungo baada ya kiungo.

"Haya, Clive," alisema. "Nirudishie."

Clive akamrudishia. Kisa kilitoka kwa mikoromo, kwa mpangilio uleule kilivyoingia, na Averil alifungua mdomo na kumeza. Kilikuwa na ladha ya chai iliyopoa.

Kwanza ilitoka miaka arobaini na mmoja ambayo Lindsay alifungulia maji mifereji ya mashamba ya mizabibu, akiondoka kabla hakujapambazuka, hata wawili hao hawakuwahi kunywa chai ya asubuhi pamoja isipokuwa Krismasi. Alistaafu, na bado aliamka saa tisa usiku na kutoka kutembea, kwa mazoea. Averil alimeza. Kisha ikatoka Jumanne yenyewe, jikoni, Lindsay kwenye kiti na kichwa kimeegemea ukuta. Averil alimgusa shingo, hakusikia kitu. Simu ilikuwa mezani. Hakuishika. Alichemsha maji, akatia chai vikombe viwili, akaketi. Akamsimulia mumewe kila alichokuwa hajamsimulia, na Lindsay hakuinuka kwenda popote. Saa sita mchana alipiga simu, akawaambia watu wa gari la wagonjwa kwamba ameamka sasa hivi. Wakaandika hivyo.

Kipande cha mwisho kilikuwa kidogo na kilikwama. Clive alikohoa mara tatu, macho yakimtoka. Kilikuwa ni ule mkono wa Lindsay, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Averil alipoushika juu ya meza. Ulikuwa bado na joto.

Hicho nacho alikimeza.

Umeme uliporudi ilikuwa saa sita na dakika chache. Ulimi wa Clive ulikuwa wa waridi. Alikunywa maji, akapiga chafya, akalala chali. Averil ilimchukua muda kusimama, na alipofika jikoni kiti alichokalia kililia kwa namna ambayo hakikuwahi kulia.

"Kilo nane na nusu!" Tegan alipiga kelele kesho yake, akapuliza filimbi inayopulizwa mbwa akifikia uzito wake. Watu wote wa mapokezi walipiga makofi. "Averil, wewe kiboko! Ni tosti, sio? Sema tu, sikusuti."

"Ni tosti," alisema Averil.

Clive alifungwa utepe wa buluu na kupigwa picha ya kubandikwa ukutani. "Inama kidogo, kipenzi, unamkingia mwanga," Tegan alimwambia Averil, na Averil akainama, mkono mmoja ukutani.

Daktari Priyanthi alitazama eksirei mpya. Koo lilikuwa safi. "Kwa hiyo ulipata mtu," alisema kwa furaha ya kweli.

"Nilipata."

"Nimefurahi sana. Na wewe mwenyewe, hali?"

Dakika zilikuwa zimebaki nne, na mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyekuwa ameumwa na nyoka. Daktari alikuwa akimwangalia usoni, kalamu ameiweka chini.

"Si mbaya," alisema Averil, akachukua mkoba wake.

Nyumbani alimbeba Clive akapanda naye mizani ya bafuni, kama alivyozoea kufanya kila wiki, kisha akaangalia kijitabu alichoandikia uzito. Mbwa na mtu kwa pamoja walikuwa na uzito uleule wa wiki iliyopita, haukupungua hata gramu. Alimweka Clive chini. Clive alikwenda zake kwenye bakuli la maji, mwepesi, kucha zikigonga vigae, akipumua bila sauti yoyote. Averil alishuka kwenye mizani polepole, akishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili.