Kosa la Baba

Kwenye bwawa letu la kuogelea palikuwa na mstari wa kokoto uliokatiza sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, na jina lake lilikuwa Kosa la Baba. Sikumbuki nani aliubatiza. Ninachokumbuka ni vidole vya miguu vilivyochubuka kila likizo, na mdogo wangu wa kiume akirukaruka ukingoni kwa mguu mmoja huku akipiga kelele, "Kosa la Baba limeniuma tena!" Baba alikuwa akicheka tu na kusema amesikia, atalirekebisha. Hakulirekebisha mpaka anaingia kaburini.

Na baba alikuwa fundi wa mabwawa, jamani! Aliwajengea watu mabwawa laini kama sahani, kisha akaja kujenga la kwake, hatua kumi na mbili kwa urefu, kwa saruji iliyobaki kazini, akaacha kokoto zimechomoza katikati. Mganga hajigangi, ndivyo tulivyomtania mezani. Mama alikuwa akicheka kuliko sisi wote.

Mwaka huu bwawa lilikuwa limechoka kabisa. Plasta ilikuwa ikibanduka vipande vipande, kuta zimeota madoa ya kijani, na maji yalikuwa yakipungua kila wiki bila mtu kujua yanakwenda wapi. Lingekuwa langu ningelifukia nipande mboga. Lakini mama huingia humo kila asubuhi. Magoti yake hayataki nchi kavu, ila majini hutembea kama msichana. Na macho yake, ambayo sisi tulijua yameanza kumtupa miaka mitatu iliyopita, sasa yanaona mwanga na vivuli basi. Kuogelea hajui. Hutembea upande wa kina kifupi, anageuka, anarudi, na hataki kushikwa mkono wala kamba. Ukimwambia utamsindikiza anakuuliza kama na kulala utamsindikiza.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba bwawa litavishwa vigae laini, na Kosa la Baba ling'olewe kabla halijamkwaza mama yangu akaenda chini. Mimi ni fundi cherehani. Mshono uliopinda nikiuona naufumua, siulizi ni wa nani.

Fundi aliyesifiwa kwangu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabuti ya mpira, na watu humwita Sikio. Nilielewa jina hilo dakika ile ile alipoteremka kwenye bwawa tupu. Hakutazama kitu. Aliinamisha kichwa, akawa anagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, hatua kwa hatua. Penye plasta iliyoachana na ukuta palilia kama debe tupu, naye akapazungushia chaki. Penye kushika palitoa mlio mfupi, mgumu, akapapita. Baada ya nusu saa bwawa zima lilikuwa limejaa miduara myeupe.

"Njia ziko tatu," akasema. "Rangi, utanipenda leo na baada ya misimu miwili utanitukana. Plasta mpya, nabandua inayolia, nakwangua inayobaki, navisha upya lote. Halafu vigae. Vinapendeza na vinadumu, ila vikilowa vinateleza."

"Vigae," nikasema kabla hajameza mate. "Na uanze kwa kung'oa ule upuuzi pale katikati."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni, mikono juu ya magoti. "Mwanangu, si mtazame kwanza?"

"Mama, nimeutazama miaka thelathini. Umenitoa damu."

Sikio akaweka patasi kwenye kokoto ya kwanza, akainua nyundo, halafu asipige. Akaweka patasi chini, akagonga sakafu kandokando. Akagonga tena mbele kidogo, akaenda hivyo mpaka ukuta wa pili. Hapo ndipo nami nilipoona. Miduara ya chaki ilikuwa imetapakaa kila mahali, lakini kando ya mstari ule hapakuwa na hata mmoja.

"Haya mawe aliyapanga nani?"

"Baba. Hakuyapanga, yalimponyoka."

"Hebu shuka na hiyo futi yako."

Futi huwa naivaa shingoni hata siku nisiyoshona. Nilishuka nikiwa nimenuna, nikapiga magoti, nikapima. Kokoto ya kwanza hadi ya pili, inchi nne. Ya pili hadi ya tatu, inchi nne. Ya tatu hadi ya nne, inchi nne. Nilianza kupima kwa kiburi, nikamaliza kwa adabu, maana nilifika ukuta wa pili na inchi nne haijanisaliti hata mara moja. Zilikuwa kokoto arobaini, zote za mviringo, zote zimezama nusu, zote zimesimama hatua mbili kamili kabla sakafu haijaanza kuteremka kwenye kina. Zilituchubua kwa sababu tulikuwa tukikimbia. Nilipozipitishia kiganja polepole, hazikuuma hata kidogo.

"Mtu wa kazi hawezi kukosea mara arobaini kwa kipimo kimoja," Sikio akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Huyu mzee alikuwa anaandika kitu."

"Anaandika nini?"

Mama akainuka kitini. "Nishusheni," akasema.

Tulimshusha ngazini, mmoja huku na mmoja huku, na alipofika chini akatusukuma wote wawili. Akainua mikono usawa wa kifua, kana kwamba maji yalikuwepo. Akaanza kutembea. Hakupapasa wala hakuhesabu. Miaka yote hiyo mimi nilidhani anahesabu. Alitembea moja kwa moja kuelekea kwenye mteremko mpaka nikanyoosha mkono kumdaka, kisha vidole vyake vya miguu vikagusa kokoto, na akasimama.

"Baba yenu aliniambia, ukifika hapa, geuka," akasema. "Nami nageuka."

Nilimuuliza lini. Akasema bwawa lilipojengwa.

"Lakini macho yameanza juzijuzi, mama."

"Yalianza ukiwa darasa la pili." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja bei ya sukari. Kutoona usiku kulitangulia, kisha pembeni kukafifia, kisha chini ya miguu. Alikuwa karani, akipiga chapa ofisini, na vidole havihitaji macho. Lakini wakubwa wake wangejua, wangemtoa kazini, na ada zetu zilitoka pale. Basi walijua watu wawili tu duniani. Mmoja wao alikuwa fundi wa mabwawa, naye alikubali kuitwa fundi mbovu mbele ya watoto wake mpaka siku ya mwisho.

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Nilisimama pale chini na mambo yakawa yananijia moja moja, kila moja na taa yake. Ule mchezo wetu wa njiani kwenda shule: tukifika barabarani mama anatushika mikono na kuuliza, "Haya, nani ataniambia linakuja gari la rangi gani?" Nasi tunashindana kupiga kelele, jekundu, jeupe, hakuna! Tukisema hakuna, tunavuka. Nilikuwa na miaka minane na ndimi niliyekuwa nikimvusha mama yangu, bila kujua, nikidhani nacheza.

Nilikaa kitako kwenye sakafu ile na kulia. Sikulia kwa huzuni. Nilistaajabu tu, na mshangao ulikuwa mkubwa kuliko kifua changu. Sikio alijifanya anasafisha patasi.

"Plasta," nikasema nikijifuta uso. "Vigae nimeghairi. Na hizi zibaki."

"Kubaki haziwezi," akajibu. "Plasta mpya ina unene wa kidole, nikivisha zitazama, na nikiziruka maji yatapenya pembeni. Inabidi nizing'oe zote, nivishe, kisha zirudishwe sakafu ikiwa bado mbichi. Na ikianza kukauka haingoji mtu."

"Nitazirudisha mimi."

Mama alinishika mkono tukipanda ngazi. "Mdogo wako asijue. Ana moyo mwepesi, ataanza kuhesabu barabara zote nilizomvusha."

Kokoto zilipong'olewa, mama aliziosha mwenyewe kwenye beseni. Siku ya plasta nililala kifudifudi juu ya ubao, futi mkononi, nikizikandamiza moja baada ya nyingine, inchi nne, inchi nne, mgongo ukiniuma na Sikio akinihimiza kutoka nyuma. Sijawahi kushona kitu kwa woga kama ule. Huu mshono ulikuwa wa kumshika mtu asizame, na sikuwa na ruhusa ya kufumua.

Maji yalipojaa, mama aliingia asubuhi ya kwanza kama kawaida yake. Nilisimama ukingoni nimevaa nguo za kuogelea, tayari kumrukia. Alitembea, akatembea, akasimama. Akapapasa kwa kidole cha mguu, akaufuata mstari kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kuna moja umeipindisha," akasema.

"Ipi?"

"Ya tisa. Baba yako angeifumua." Kisha akageuka, akarudi.

Mwezi uliofuata mdogo wangu alikuja likizo na familia yake. Hakungoja hata chai. Alivua shati, akaruka majini, akakimbia kama ng'ombe, na mara tukasikia ukelele. Alitoka akirukaruka kwa mguu mmoja, mtu mzima mwenye kitambi.

"Si mlileta fundi nyie? Nani karudisha haya mawe? Hili sasa ni kosa la nani?"

Mama alikuwa majini, amesimama kwenye mstari wake. Akageuza uso upande wangu, akangoja.

"Langu," nikasema. "Nimesikia. Nitalirekebisha."

Mama akacheka kuliko sisi wote.