Mji wa Akina Baba Wanaoondoka

Ambakisye anasinzia kwenye kiti cha plastiki, mchana kweupe, huku mafundi wa taa wakivutana na nyaya zao ndani ya nyumba ya kuigizia iliyoko pembezoni mwa Mbeya. Ni mwigizaji, na kwa miaka mingi kazi yake imekuwa moja tu: baba mbaya. Baba mlevi, baba mpigaji, baba anayefunga begi na kuiacha familia ikilia. Sokoni akina mama humsonya, naye hucheka, maana kwake hiyo ni sifa. Ila asubuhi ya leo hakucheka. Binti yake Tusekile, aliyeitazama filamu yake ya mwisho kwa jirani, alimkuta akifunga viatu, akasimama mbali, mgongo ukutani, akamwuliza, Baba, sisi utatuacha lini? Hakuuliza kama atawaacha. Aliuliza lini. Mkewe, Sekela, aliinamia jiko akachochea moto. Ni filamu tu, mwanangu, alijibu Ambakisye, akatoka, na sasa swali lile linamzunguka kichwani kama nzi, kope zinamlemea, sauti za mafundi zinakwenda mbali, na mlango wa nyumba ya kuigizia unafunguka wenyewe bila kuguswa. Anajiona akisimama. Anajiona akivuka kizingiti.

Nje hakuna magari ya vifaa wala migomba aliyoiona asubuhi. Kuna barabara nyeupe, ndefu, inayokwenda na kwenda na kurudi ilipoanzia bila kukata kona, na kando yake nyumba zimejipanga huku na huku, na za kulia ni zilezile za kushoto, pazia lilelile, ndoo ileile iliyolala ubavu, kama mji umejitazama kwenye kioo ukashindwa kujua upi ni mji na upi ni kioo. Nyumba zote hazina ukuta wa mbele. Ndani ya kila moja kuna familia ya watu weusi kama yeye: mama analia kwenye ncha ya khanga, mtoto anakohoa juu ya mkeka, na mlangoni baba ameshika begi. Baba anatoka, anashuka ngazi, anapotelea pembeni, na kabla mama hajamaliza kulia baba yuleyule yuko tena mlangoni na begi lake. Ambakisye anasogea amwone vizuri, na uso wa baba yule ni wake. Anatazama nyumba ya pili. Ni wake. Anatazama ng'ambo ya barabara, na huko pia ni yeye, katika kila mlango, akiondoka.

Kando yake anasimama mtu aliyevaa kofia, na chini ya kofia hakuna macho wala pua, ni ngozi tupu, laini kama yai lililomenywa. Hapa ni wapi? anauliza Ambakisye, na sauti inamtoka nyembamba. Yule asiye na uso anamjibu kutoka mahali pasipo mdomo: Nyumba gani inajaa wageni kila siku na haina hata mmoja aliyekaribishwa? Sielewi. Nani anaondoka kila siku na hajawahi kufika? Nimesema sielewi, anasema Ambakisye, nataka kurudi nilikotoka. Umetoka hukuhuku, anajibu asiye na uso, twende, nyumba yako imeshawashwa taa.

Hataki kwenda, lakini barabara inamsogeza kama maji yanavyosogeza jani, na anafikishwa mbele ya nyumba anayoijua. Ni kwake. Jiko ni lile, kochi ni lile lenye mkono uliovunjika, na anayelia ni Sekela, na anayekohoa juu ya mkeka ni Tusekile. Ambakisye anaingia mbio, na anapogeuka kutazama nyuma barabara haipo. Upande ule usio na ukuta ni giza, na ndani ya giza watu wanapumua, watu wengi, viti vyao vinalia, meno yao yanatafuna bisi taratibu. Tusekile, anataka kusema, nipo hapa, lakini kinywa chake kinasema, Nyamaza wewe, kelele zako zimenichosha! Mtoto anajikunyata. Kule gizani mtu anaguna kwa kuridhika. Ambakisye anaziba mdomo kwa kiganja, na mkono wa pili unaanza kuinuka wenyewe, unakwenda juu, anaujua vizuri mwendo ule, ameufanya mbele ya kamera mara nyingi mno, na hajawahi kuogopa kitu duniani kama anavyouogopa sasa mkono wake mwenyewe. Anaushika kwa mwingine. Anajitupa sakafuni, anaukalia. Sekela, anaita, na safari hii neno linatoka kama lilivyo, Sekela, mtoto anaumwa nini?

Sijui, anasema Sekela bila kumtazama, machozi yakimtiririka kama bomba lililopasuka. Hawakuniambia anaumwa nini. Wameniambia nilie tu. Basi acha kulia, anasema Ambakisye. Nikiacha hawatanitazama, na wasiponitazama nitakuwa nani?

Asiye na uso ameingia, amesimama karibu na begi. Hadithi hii ina mlango mmoja, anasema, na lazima mtu atoke. Ukitoka wewe, mtoto atapona kabla ya mwisho. Ukibaki, atatoka yeye, na unajua atatoka vipi. Ambakisye anamgusa Tusekile mguuni. Ni wa baridi, na baridi inapanda, imeshafika gotini, na pumzi za watu wa gizani zinaongezeka kasi, viti vinasogezwa mbele. Anashika begi. Mwili wake wote unajua la kufanya, mabega yanajikunja vilevile, miguu inajipanga kuelekea mlangoni, na Tusekile anamtazama bila kushangaa, kama mtu anayeitazama mvua ikinyesha kwenye msimu wake. Kule kutoshangaa ndiko kunakomkata maini. Jasho linamwingia machoni, lakini analiachia begi lianguke. Umesema mlango ni mmoja, anamwambia yule asiye na uso. Hukusema watu wangapi.

Anambeba mtoto mgongoni. Anamshika Sekela mkono. Unatupeleka wapi? anauliza Sekela. Sijui, anasema Ambakisye, lakini simwachi mtu humu. Sekela anajifuta uso kwa khanga, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, na anasimama, na gizani kunazuka ghasia, watu wanapiga viti, wanauliza kwa sauti, Mbona hivi? Mbona hawaachani? Watatu wanapita mlangoni kwa pamoja, wakibanana, na barabara ipo, nyeupe, haina mwisho, nao wanakimbia. Pande zote mbili akina baba wenye uso wake wameganda kwenye ngazi zao wakiwatazama, na mmoja anaweka begi chini, na nyuma kabisa miguu mingi inasikika ikiwafuata, haikimbii, inatembea tu, na bado inawakaribia. Ambakisye anakimbia mpaka kifua kinawaka. Halafu anahisi mgongo unapungua uzito. Tusekile, anaita, nishike shingoni. Mgongo unazidi kuwa mwepesi. Mkono wa Sekela nao haupo kiganjani. Anageuza kichwa atazame.

Amba, amka, taa tayari. Ni Bi Tunu, mwongozaji wa filamu, anamtikisa bega. Tunapiga picha ile ya kuondoka. Ambakisye anatazama huku na huku. Mwigizaji wa kike anakung'uta khanga yake, na mtoto asiyemjua amelala mkekani akijaribu kikohozi, kikavu, kisha kizito. Mtoto huyu anaumwa nini? anauliza Ambakisye. Homa, sijui, anasema Bi Tunu, haina maana. Na baba anaondoka kwa nini? Bi Tunu anamkodolea macho. Jamani, si ndivyo wanavyofanya? Wewe mwenyewe umewacheza wote. Baba yangu mimi hakuondoka, anasema Ambakisye. Alikaa nasi mpaka anazikwa. Bi Tunu anachezea kipaza sauti kilichoning'inia shingoni. Wangu pia, anasema mwishowe, polepole. Lakini nani atakaa chini kutazama hilo, Amba? Sijui, anasema Ambakisye, na tayari anatembea, tayari yuko nje, anapungia bodaboda mkono, na njia nzima anamwambia dereva aongeze mwendo.

Nyumba yake iko kimya. Mlango uko wazi. Anaita, haitikiwi, anaita tena, anazunguka uani, na huko anawakuta wamekaa kivulini, Sekela anapakua, Tusekile anatoa mawe kwenye mchele wa jioni. Umesahau nini? anauliza Sekela, macho yamemtoka. Sijasahau kitu. Nimerudi. Tusekile haondoki alipo. Anamkagua viatu, anamkagua mikono mitupu, kisha anasogea kidogo kwenye mkeka, nafasi ya mtu mmoja. Unakula na sisi? Nakula na nyinyi, anasema Ambakisye, na anakaa. Ugali ni wa moto, maharage yametiwa nazi, Tusekile anasimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula daftari la mwalimu, na Sekela anacheka mpaka anashika mbavu.

Ndipo anaisikia, kwa mbali, kama kutoka chini ya maji, sauti ya Bi Tunu. Amba. Amka, Amba, taa tayari. Anawatazama wenzake. Hakuna aliyegeuza kichwa. Sauti inaita tena, imekaribia, na sasa anahisi vidole begani. Mbona huli? anauliza Sekela. Ambakisye haitikii ile sauti. Anamega tonge, analichovya kwenye maharage, na anamwambia binti yake, Enhe, huyo mbuzi, halafu?